Lugha Huhuishwa Kinywani mwa Mtoto

Maneno yaliyosemwa mbele ya walimu na wakristo wa mitaa katika siku za Jubilei



Katika siku hizi za Jubilei tumezoea kuhesabu mambo yaonekanayo kwa macho: makanisa yaliyojengwa, kengele zilizotundikwa, shule, hospitali, na majina ya hao waliotutangulia. Twafanya vema kuyahesabu. Lakini liko jambo moja lisiloandikwa katika hesabu hiyo, nalo ni lugha. Katika makabati ya mitaa yetu mingi vimo vitabu vidogo vya zamani, vya sala na nyimbo na vya kusomea, vilivyopigwa chapa kwa lugha za babu zetu. Wazee wakivifungua husoma pasipo kusitasita. Wajukuu wao wakivifungua huzitamka herufi vizuri, kwa kuwa wamekwenda shule, wala hawajui maana ya walitamkalo. Basi twataka kuuliza leo: Je, lugha iliyoanza kufa yaweza kuhuishwa? Na kama yaweza, ni nani aihuishaye?

Hatutajibu kwa kukisia. Yako mataifa mengine yaliyoingia katika shida hii zamani, nayo yamejaribu kutoka, mengine kwa bahati njema na mengine kwa taabu kubwa. Wenye elimu ya lugha wasema kwamba duniani zimo lugha zipatazo 7,000, na ya kuwa katika kila kumi, nne hivi zimo hatarini. Kwa ajili hiyo Umoja wa Mataifa umetenga miaka kumi, tangu 2022 hata 2032, iwe miaka ya kuzishughulikia lugha za wenyeji. Sisi tutachagua mahali panne tu, tuone yaliyotendeka huko, kisha tutarudi nyumbani.

Mahali pa kwanza ni kisiwa cha Man, kisiwa kidogo kilicho baharini kati ya Uingereza na Ayalandi. Watu wake walikuwa na lugha yao wenyewe, Kimanksi. Katika karne ya 18 alikuwako huko askofu aitwaye Mark Hildesley, ambaye aliona ya kuwa watu wake wengi hawafahamu Kiingereza, akawahimiza makasisi wake kugawana vitabu vya Biblia na kuvifasiri. Kazi ilikuwa ndefu. Mwaka 1771 kijana mmoja, John Kelly, alipanda chombo ili kuupeleka mwandiko wa sehemu ya Agano la Kale ng'ambo ukapigwe chapa. Chombo kikavunjika. Yasimuliwa kwamba Kelly aliyainua makaratasi yale juu ya maji muda wa saa tano, hata akaokolewa nayo. Hivyo Biblia ya Kimanksi ikatoka.

Mtu akisikia habari hiyo atasema, Basi lugha ile imekwisha kuokoka. Lakini sivyo ilivyokuwa. Kitabu kiliokoka majini, na lugha yenyewe ikakaribia kuzama nchi kavu. Biashara ilikuwa ya Kiingereza, shule zikawa za Kiingereza, na wageni waliokuja kupumzika pwani walisema Kiingereza. Watu wakaanza kuambiana kwamba kwa Kimanksi mtu hapati hata senti moja. Hakuna jeshi lililokuja kuwakataza. Wazazi wenyewe, kwa kuwatakia watoto wao mema, waliacha kusema nao kwa lugha ile, wakaitumia wao kwa wao tu. Mwaka 1901, watu walipohesabiwa, waliojua Kimanksi walikuwa 4,419. Mwaka 1974 alifariki mzee mmoja mvuvi, Ned Maddrell, naye ndiye ahesabiwaye kuwa mtu wa mwisho wa wale waliolelewa kwa lugha ile tangu utoto.

Lakini angalieni jambo hili. Kabla mzee yule hajafa, vijana wachache walikuwa wakiwaendea wazee, wakiketi nao na kujifunza. Tena mwaka 1948 watu walitoka Ayalandi wakazinasa sauti za wazee wale kwa mashine. Vijana wale walipokuwa watu wazima wakawafundisha wengine, na mwaka 2001 ikafunguliwa shule ambayo watoto wadogo hufundishwa kwa Kimanksi mambo yote, hesabu na jiografia pia. Mwaka 2009 shirika la elimu la Umoja wa Mataifa, UNESCO, liliandika katika orodha yake kwamba Kimanksi kimekwisha kufa. Watoto wa shule ile wakaandika barua kwa Kimanksi, wakauliza: Ikiwa lugha yetu imekufa, basi barua hii tumeiandika kwa lugha gani? Shirika likairekebisha orodha. Ndugu zetu, twalipenda jibu lile kwa kuwa lilitoka kwa watoto. Wazee mia wangaliweza kuandika barua, na orodha ingalikuwa na haki ya kungoja tu mpaka wafe.

Sasa tuvuke maji twende Wales, upande wa magharibi wa Uingereza. Habari zake zafanana na za Man mwanzoni, lakini mwendo wake ulikuwa tofauti. Mwaka 1588 kasisi mmoja wa shamba, William Morgan, ambaye baadaye alifanywa askofu, aliitoa Biblia nzima kwa Kiwelisi. Wakati ule lugha ya mahakama na ya serikali ilikuwa Kiingereza kwa sheria, na wakubwa wengi wa Wales walikuwa wakikiacha Kiwelisi. Lakini kitabu cha Morgan hakikukaa kabatini. Kilisomwa kila Jumapili mbele ya watu. Kisha tangu mwaka 1731 hivi kasisi mwingine, Griffith Jones, alianzisha shule za kuhamahama: mwalimu alikaa katika kijiji miezi michache wakati wa baridi, kazi za mashamba zilipopungua, akafundisha wakubwa kwa wadogo kusoma lugha yao, kisha akahamia kijiji kingine. Maelfu ya watu maskini wakajua kusoma. Baada yake zikaja shule za Jumapili, ambazo watu wazima pia walihudhuria. Kwa njia hiyo Kiwelisi kikawa lugha ya kusomea na ya kuandikia, na ya kubishania mambo makubwa, wala si ya jikoni peke yake.

Hata hivyo walipata adui, naye alikuwa ndani ya shule. Katika karne ya 19 shule nyingi za Wales zilikuwa na kipande cha ubao kilichotiwa kamba. Mtoto akisikiwa akisema Kiwelisi, alivishwa ubao ule shingoni. Naye akimsikia mwenzake akisema, humpa yeye, na huyo humpa mwingine. Na jioni yule aliyekutwa nao alichapwa. Si kwamba walimu wale wote walikuwa watu wabaya. Wengi walikuwa Wawelisi wenyewe, na wazazi wengi waliwaunga mkono, maana walidhani kwamba Kiingereza hakiwezi kuingia kichwani mpaka Kiwelisi kimetoka kwanza, kana kwamba kichwa cha mtoto ni kibaba kisichopokea ila kipimo kimoja.

Twaona baadhi yenu, walimu, mnatazamana. Hatuna haja ya kueleza sana. Kibao hicho kilifika hata kwetu, katika shule za Afrika ya Mashariki, na wengi tulio hapa tunakijua. Pengine kilikuwa cha mti, pengine mfupa au kigunia. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o ameeleza katika kitabu chake cha mwaka 1986 jinsi watoto wa Kenya walivyoadhibiwa kwa kusema Kikuyu shuleni. Ubaya wa kibao kile si fimbo ya jioni tu. Kilimfundisha mtoto kumvizia mwenzake, na kilimfundisha kuiona sauti ya mama yake kuwa kosa.

Wawelisi walifanyaje? Mwaka 1939, mwaka ule ule vita vikuu vilipoanza, Ifan ab Owen Edwards alifungua katika mji wa Aberystwyth shule ndogo ya kufundisha kwa Kiwelisi. Wanafunzi walikuwa saba. Leo shule za namna hiyo ni mamia, na tangu mwaka 2011 Kiwelisi ni lugha rasmi kwa sheria katika Wales. Lakini hatutaki kuwapeni habari ya furaha tupu. Hesabu ya mwaka 2021 ilionyesha watu 538,000 wajuao Kiwelisi, kama 18 katika kila 100, nao walikuwa wamepungua kuliko miaka kumi iliyotangulia. Shule zimejengwa na sheria zimeandikwa, lakini vijana wengi wakitoka shuleni hurudi katika nyumba na maduka yasemayo Kiingereza. Lugha yaweza kuwa na kiti serikalini na kukosa kigoda jikoni.

Sasa tuvuke bahari kubwa twende Marekani, pwani ya Massachusetts, tuone jambo la ajabu kuliko hayo. Huko walikaa, nao wapo hata leo, watu waitwao Wawampanoag. Mwaka 1663 mhubiri Mwingereza jina lake John Eliot alitoa Biblia nzima kwa lugha yao. Ilikuwa Biblia nzima ya kwanza kupigwa chapa katika bara zote mbili za Amerika, kabla ya ile ya Kiingereza. Mara nyingi husifiwa Eliot peke yake, lakini hakufanya kazi peke yake. Walikuwapo wenyeji waliomfundisha lugha na kufasiri pamoja naye, na mwenyeji mmoja, James Printer, alifanya kazi ya kupanga herufi katika nyumba ya chapa. Wenyeji wengi wakajifunza kusoma, wakaandika kwa lugha yao barua, wasia na hati za mashamba.

Kisha zikaja vita, magonjwa na kunyang'anywa nchi. Watu wakapungua na kutawanyika. Katikati ya karne ya 19 lugha ile ilikuwa imenyamaza. Kwa muda wa zaidi ya miaka mia hapakuwa na mtu hata mmoja aliyeisema. Vitabu vilikuwapo katika nyumba za vitabu za wenye elimu, na hati zilikuwapo katika makabati ya serikali.

Mwaka 1993 mama mmoja wa watu wale, Jessie Little Doe Baird, alianza kazi ya kuirudisha. Wala hakuwa mtaalamu wa lugha. Alikwenda kujifunza elimu hiyo katika chuo kikubwa cha MIT, chini ya mtaalamu Kenneth Hale, akapata shahada yake mwaka 2000. Wakaifungua Biblia ya 1663, wakazikusanya barua na hati, na kutoka humo wakatoa maneno na kanuni za sarufi. Matamko yalikuwa magumu, maana karatasi haina sauti. Kwa hiyo walizilinganisha lugha za jamaa yake zisemwazo bado, kama vile mtu ajuaye Kizigua awezavyo kukisia maneno mengi ya Kibondei. Polepole kamusi ikakua, na madarasa yakafunguliwa kwa watu wa kabila.

Lakini siku iliyobadili mambo haikuwa siku ya kamusi. Mama Baird alipopata mtoto wa kike, yeye na mumewe walisema naye kwa Kiwampanoag tangu mwanzo. Naye akawa mtu wa kwanza, baada ya vizazi vingi, kukua na lugha ile kama lugha ya kuzaliwa. Fikirini jambo hilo. Biblia ilikuwa imelala miaka zaidi ya mia. Ilihifadhi kila kitu kilichowekwa ndani yake, nasi hatuna budi kuwashukuru waliofanya kazi ile. Lakini haikuweza kumwita mtoto aje kula. Ilimngoja mama.

Mahali pa nne ni Nyuzilandi, katika bahari ya kusini, kwa watu wa Kimaori. Kanisa lilifika huko mapema. Agano Jipya kwa Kimaori lilitolewa mwaka 1837, na Biblia nzima mwaka 1868. Tena iko habari moja ipasayo kusikiwa katika dayosisi: kamusi ya Kimaori ilitungwa na William Williams ikatoka mwaka 1844, mwanawe akaiendeleza, na mjukuu wake akaiendeleza tena, nao wote watatu, kila mmoja kwa zamu yake, walikuwa maaskofu wa Waiapu. Vizazi vitatu katika kitabu kimoja!

Lakini huko nako shule ziligeuka. Sheria ya mwaka 1867 ilitaka shule za wenyeji zifundishe kwa Kiingereza, na watoto wengi waliadhibiwa kwa kusema Kimaori. Hata hivyo lugha ilidumu kwa muda mrefu, kwa sababu ilikuwa na nguvu vijijini na nyumbani. Yasemwa kwamba mwaka 1913 watoto wa Kimaori waliokuwa shuleni, 90 katika kila 100, walijua lugha yao. Baada ya vita vya pili vikuu watu wakahamia mijini kutafuta kazi. Wakakaa mbalimbali, kila jamaa kati ya majirani wasiojua neno lao. Wazazi waliokuwa wamepigwa shuleni hawakutaka watoto wao wapigwe, wakanyamaza. Kufika mwaka 1975 hawakuzidi watoto watano katika kila 100. Maisha ya mtu mmoja yalitosha kuleta badiliko hilo lote.

Tarehe 14 Septemba 1972 vijana wa Kimaori walipeleka bungeni barua ya maombi yenye sahihi za watu zaidi ya 30,000, wakiomba lugha yao ifundishwe shuleni. Wengi wa vijana wale wenyewe hawakuijua. Waliomba kitu ambacho hawakupewa na wazazi wao, ili watoto wao wakipate. Hapo ndipo wazee walipopata shauri jipya. Waliona: wenye lugha ni bibi na babu, wanaoweza kuipokea upesi ni watoto wachanga, walio katikati, baba na mama, hawanayo. Basi na turuke juu ya kizazi cha katikati, tuwakutanishe bibi na mjukuu. Mwaka 1982, huko Wainuiomata karibu na mji wa Wellington, walifungua nyumba ya kwanza ya kulelea watoto wadogo kwa Kimaori peke yake. Wakaiita kōhanga reo, maana yake kiota cha lugha. Humo hapakuwa na vitabu vingi. Walikuwamo akina bibi, watoto, chakula, nyimbo, na sharti moja kwamba wakiwa ndani wote waseme Kimaori. Katika muda wa miaka mitatu viota vilikuwa mamia.

Watoto wale walipofikia umri wa kwenda shule, wazazi wakaona kwamba wakiingia shule za Kiingereza watapoteza yote. Ndipo shule ya Kimaori ikafunguliwa mwaka 1985 huko Auckland, kisha nyingine nyingi. Mwaka 1987 sheria ikakifanya Kimaori kuwa lugha rasmi ya nchi. Angalieni jinsi mambo yalivyofuatana: kiota kwanza, kisha shule, kisha sheria. Katika hesabu ya mwaka 2023 watu zaidi ya 200,000 walisema kwamba waweza kuzungumza Kimaori. Na moto wao umewasha moto mwingine: watu wa Hawaii, waliokuwa wamebaki na watoto wachache mno wajuao Kihawaii, walijifunza kwao, wakafungua mwaka 1984 kiota chao cha kwanza. Leo wako vijana wa Hawaii waliosoma kwa lugha hiyo tangu utoto hata chuo kikuu.

Ndugu zetu, hizo ndizo habari nne. Tukiziweka pamoja twaona neno moja ndani yake zote. Kitabu huihifadhi lugha, shule huisaidia, sheria huipa heshima. Lakini kuihuisha hakuna ila mtu mzima asemaye na mtoto mdogo, kila siku, kwa mambo madogo ya kila siku. Wamanksi walikuwa na Biblia, na lugha ilinyamaza kwa kuwa watoto hawakusemeshwa. Wawampanoag hawakuwa na msemaji hata mmoja, na lugha ilirudi kwa kuwa mtoto mmoja alisemeshwa. Lugha haifi siku ile mzee wa mwisho anapozikwa. Imekufa zamani, siku ile mama wa kwanza aliposema moyoni, Huyu mwanangu nitamsemesha ile nyingine tu.

Sasa turudi nyumbani kwetu. Huko Laikipia, katika nchi ya Kenya, wapo watu wa Yaaku wa msitu wa Mukogodo. Katika karne iliyopita waliiacha lugha yao wakafuata Kimaasai. Leo wamo kati yao wanaokusanya maneno ya wazee na kuwafundisha watoto. Kazi yao ni ngumu, kwa sababu walianza wakati wasemaji walipokuwa wa kuhesabiwa kwa vidole. Lugha zetu nyingi hazijafika hapo. Bibi wangali wengi. Kwa hiyo kazi yetu ni nyepesi kuliko yao, nayo itakuwa nzito kwa kila mwaka tutakaoupoteza.

Wako watakaotuuliza, Je, mwataka tukiache Kiswahili? La, hasha. Maneno haya twayasema kwa Kiswahili, na pasipo hicho nusu yenu msingetufahamu. Kiswahili kimetukutanisha, nacho ni lugha ya Kiafrika iliyo mali yetu. Lakini hatuna budi kusema kweli: mahali pengi penye mitaa yetu, lugha ambayo mtoto huachiwa badala ya lugha ya bibi yake ni Kiswahili, na mahali pengine, mijini, Kiswahili chenyewe huachwa nyumbani kwa ajili ya Kiingereza. Wala Kanisa si geni katika neno hili. Lilikuwa la kwanza kuziandika lugha zetu nyingi. Kisha, kwa kutaka umoja na kwa kuepuka gharama, mahali pengi liliviweka vitabu vile kando likatumia Kiswahili tu. Halikufanya kwa ubaya. Lakini lililowekwa kando muda wa miaka hamsini husahauliwa.

Wengine watasema, Mtoto atachanganyikiwa. Twendeni sokoni tukawatazame watoto wauzao ndizi. Husema na bibi kwa lugha moja, na mnunuzi kwa nyingine, na kusoma shuleni kwa ya tatu, wala hawapotezi hata senti katika hesabu. Kichwa cha mtoto si kibaba. Mtoto aliyeijua lugha moja sawasawa huishika ya pili kwa urahisi; aliyenyang'anywa ya kwanza huingia katika ya pili akiwa mikono mitupu.

Wengine watasema, Hatuna fedha. Wamaori walianza na mikeka na wazee. Nasi twaomba mambo manne tu, yasiyohitaji mfuko mkubwa.

La kwanza, nyumbani. Ninyi akina baba na akina mama mlio na lugha, semeni nayo na watoto wenu, si kwa kuwatuma na kuwagombeza tu, bali kwa hadithi, kwa mizaha, na kwa kuwaeleza kwa nini mambo yako kama yalivyo. Mtoto aliyesikia lugha ya matusi na amri peke yake hataipenda.

La pili, shuleni. Walimu, mahali kibao kilipo bado, kitoeni. Fundisheni lugha za shule kwa bidii yote, wala msifanye lugha ya nyumbani kuwa kosa la kuadhibiwa. Mtoto akileta neno la kwao darasani, mwulizeni maana yake mbele ya wenzake. Mtaona jinsi anavyosimama wima.

La tatu, vijana. Simu mlizo nazo mifukoni zaweza kunasa sauti kuliko mashine iliyochukuliwa kisiwani Man mwaka 1948. Nendeni kwa wazee, mwombe ruhusa, mnase hadithi, mafumbo, majina ya miti na ya dawa, na jinsi watu walivyosalimiana zamani. Andikeni jina la mzee, mahali na siku, kisha mweke nakala mtaani na nyingine shuleni. Lakini msidhani mmemaliza. Sauti iliyohifadhiwa ni mbegu ghalani. Nayo hailiwi wala haioti mpaka imepandwa.

La nne, mitaani. Akina mama wa Umoja, tafuteni chumba kimoja, mikeka michache na sufuria ya uji. Asubuhi mbili kwa juma waketini humo akina bibi watatu au wanne pamoja na watoto ambao hawajaanza shule, wacheze na kuimba na kula kwa lugha ya mahali hapo. Mahali penye lugha mbili au tatu, viwe viota viwili au vitatu, wala pasiwe na kushindana. Msingoje barua kutoka juu. Sheria ya Nyuzilandi ilikuja miaka mitano nyuma ya kiota.

Hatuwaahidi kwamba lugha zote zitaokoka. Wawelisi wamefanya kazi karne nzima na bado wanapungua mahali pengine. Nasi tu wachache, na miji yatuvuta. Huenda zikawapo lugha kati ya zetu ambazo zimebakiwa na miaka ishirini tu. Lakini miaka ishirini ni mingi kwa mtoto mchanga. Atakayezaliwa mwezi huu atakuwa mtu mzima ndani yake, naye ataweza kuwa mama au baba mwenye lugha ya kumpa mwanawe, ikiwa yuko mtu atakayeanza kusema naye.

Bibi ajuaye maneno yupo hivi leo. Mjukuu yupo hivi leo. Mara nyingi wamo katika nyumba moja, nao hukosa lugha ya kuzungumza. Tukiwakutanisha hao wawili kabla ya mavuno yajayo, tutakuwa tumefanya kazi iliyo sawa na jengo lo lote tulilolihesabu katika Jubilei hii.